Bolti Isiyokatwa

Chukua maungio ya reli, mahali ncha mbili za chuma zinapokutana juu ya mataruma, pale gurudumu linapogonga na kutoa ule mlio anaoujua kila aliyewahi kulala ndani ya behewa kati ya Dodoma na Tabora. Kila upande wa reli kuna bamba la chuma linaloibana, na bolti zinapita kutoka bamba hadi bamba zikitoboa shingo ya reli. Fundi anayetaka kuionyesha kazi hiyo kwenye karatasi haridhiki kuichora kwa nje, kwa sababu kwa nje bamba linaficha shingo, shingo inaficha bolti, na tundu lililoachwa pana kidogo kuliko bolti halionekani kabisa. Basi anaikata. Anapitisha bapa la kufikirika katikati ya bolti, anaondoa kilicho mbele yake, anachora kilichobaki. Reli anaijaza mistari ya mshazari ya digrii 45. Bamba analijaza mistari inayolalia upande wa pili, ili jicho lijue kwamba hicho ni kipande kingine. Kisha anafika kwenye bolti, ambayo bapa limeipasua kutoka kichwani hadi kwenye nati, na hapo anauzuia mkono. Bolti inabaki nyeupe na nzima, kana kwamba msumeno ulifika ukaizunguka. Ukiusoma kwa macho makavu, mchoro huo unasema mambo mawili yasiyokuwapo. Unasema reli imekatwa, na reli iko chini pale imelala nzima. Unasema bolti haikukatwa, na kwa hesabu ya mchoro wenyewe imekatwa. Je, huo ni uongo? Na kama si uongo, ukweli wake umekaa wapi?

Wengi hudhani swali hili ni la wahandisi peke yao. Lakini ramani ya nyumba, ile karatasi anayoikunja mwenye kiwanja akamwonyesha fundi mwashi, ni mkato mtupu. Ndege akiruka juu ya nyumba haoni vyumba, huona bati. Mchoraji amepitisha bapa la mlalo kwenye kuta, kama mita 1 na kidogo juu ya sakafu ili lipite kwenye milango na madirisha, akanyanyua kila kilicho juu yake, linta, mkanda, kenchi na bati, akakiweka kando na kutazama chini. Sisi sote tumeuzoea ukatili huo hata hatuuoni. Na fundi akipewa ramani hiyo peke yake bado hajui msingi uende chini kiasi gani, jamvi liwe nene vipi, wala linta ikae kimo gani. Ndiyo maana huja karatasi ya pili yenye mkato wa wima, na juu ya ramani ya kwanza hupigwa mstari wa vipande na nukta, wenye ncha nene, herufi A huku na herufi A kule, na mishale miwili inayoonyesha mchoraji alitazama upande gani. Mstari huo ndio nitakaoutetea hapa. Nyumba itajengwa na hakuna atakayeuona ukutani, lakini pasipo huo karatasi yote ya pili inaelea: msomaji anaona ukuta uliopasuliwa asijue ni ukuta upi, wala kama anautazama akiwa chumbani au uani.

Shtaka la uongo ni la zamani kuliko uchoraji wa kiufundi, na lilijibiwa vizuri na watu wasiowahi kushika rula ya fundi. Wanazuoni wa balagha, elimu inayosomwa pamoja na nahau ya Kiarabu, walilikuta katika maneno. Mtu akisema amemwona simba juu ya mimbari akihutubia, hakuna simba aliyehutubia. Amesema uongo? Al-Sakkaki, aliyefariki mwaka 1229, na al-Qazwini baada yake, aliyefariki mwaka 1338, walijibu kwamba hapana, na sababu yao inafaa kubandikwa juu ya meza ya kila mchoraji. Asemaye kwa majazi huweka karina, yaani kiashirio kinachomzuia msikilizaji asilichukue neno kwa hakika yake. Neno “akihutubia” ndilo karina ya simba huyo. Mwongo haweki karina, na ikiwapo huifuta, kwa sababu anataka neno lake lichukuliwe jinsi lilivyo. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Hippo, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo karibu mwaka 395, aliingia kwa mlango mwingine: aliupima uongo kwa moyo wenye mambo mawili, moja likiwekwa ndani na jingine likitolewa mdomoni kwa nia ya kudanganya, na semi za mfano akaziweka nje ya hukumu hiyo. Tabora, mji ambamo madrasa na seminari ni majirani, unaweza kuwasikiliza wote wawili. Wakikaa mbele ya mchoro wa maungio ya reli, nadhani wangekubaliana haraka. Mstari wa A–A ni karina. Mistari ya mshazari ni karina. Kila mmoja unamwambia msomaji: hapa nimekata kwa fikira, usiende kutafuta kidonda kwenye chuma.

Atasema mtu kwamba karina hiyo humfaa aliyefundishwa tu. Mwingine ataona chuma chenye michirizi. Ni kweli, na hivyo ndivyo ilivyo kwa lugha yoyote. Pingamizi lililo zito ni jingine. Kama mchoro unakuwa kweli kwa sababu ya makubaliano, basi makubaliano yakigeuka ukweli nao umegeuka, na hapo hatuna ukweli, tuna desturi. Jibu liko kwenye reli yenyewe. Wajerumani walioijenga Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, walitoka katika desturi ya Ulaya ambayo mwonekano wa upande wa kushoto wa kitu huwekwa mkono wa kulia wa karatasi. Desturi ya Marekani huuweka mkono wa kushoto, upande ule ule ulikotazamwa. Anayeusoma mchoro wa kwanza kwa kaida ya pili atachonga kipande kilichogeuka, mfano wa kiatu cha kushoto kwa mguu wa kulia, na kipande hakitaingia mahali pake. Kukataa huko kwa chuma ndiko kunakonishawishi. Makubaliano yanaamua mwonekano ukae wapi kwenye karatasi. Hayana uwezo wa kuamua tundu liwe wapi kwenye reli. Ndiyo sababu kwenye kona ya mchoro huchorwa alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha, inayotangaza ni kaida ipi imefuatwa. Mchoraji haombi aaminiwe kwa sababu ya uzuri wa mistari yake. Anasema amesimama wapi, kisha anauacha mchoro wake uende kupimwa na kitu chenyewe.

Bado bolti. Hapa shtaka ni gumu zaidi, kwa maana mchoraji ameweka kanuni halafu akaivunja. Kaida iko wazi: bolti, nati, ribiti, pini, shafti, spoku za gurudumu na ubavu mwembamba wa kuimarisha, vikipitiwa na bapa kwa urefu havipigwi mistari; vikikatwa kwa kukingama, hupigwa kama kitu kingine chochote. Kwa nini upendeleo huu? Fikiria kikombe cha chuma kinachobeba shafti, kimesimama juu ya kitako kipana na kushikiliwa na mbavu nne nyembamba. Bapa likipita ndani ya ubavu kwa urefu wake, na mchoraji akaifuata hesabu bila kuwaza, atajaza mistari pembetatu yote kutoka kitakoni hadi kwenye kikombe, na msomaji ataona mlima wa chuma kigumu unaokizunguka kikombe pande zote. Kila nukta aliyoijaza ni sahihi, kwa kuwa kweli pana chuma hapo. Picha nzima ni ya uongo. Atakayekiyeyushia chuma kitu hicho atamwaga chuma kingi kupita kinachotakiwa, na atakuwa amepotoshwa na mtu ambaye hakukosea hata mstari mmoja. Kwa hiyo kaida inamwamuru mchoraji auache ubavu mweupe ili umbo lisomeke jinsi lilivyo. Wanafikihi wanalijua jambo hili kwa jina la makusudio ya sheria: hukumu hutazamwa pamoja na lile iliyowekewa, na lile ambalo mkato umewekewa ni kumfanya aliye mbali na kitu akijue kitu.

Nakiri kwamba mlango huu ni wa hatari. Mwenye nguvu yeyote anaweza kudai kwamba jambo lake ni bolti na liachwe jeupe. Lakini kaida ina kipimo chake, na kipimo hicho ni kikali. Bolti huachwa nzima kwa sababu ndani yake hamna habari nyingine. Ukiipasua utakuta chuma kile kile ulichokiona nje. Shafti yenye tundu la mafuta ndani yake haipewi heshima hiyo. Hufunguliwa pale pale penye tundu, kwa kuvunja sehemu ndogo ya uso wake kwenye mchoro, mistari ikapigwa kuzunguka tundu, na sehemu iliyobaki ikaachwa nzima. Yaani kinachoruhusiwa kuachwa ni kile tu ambacho kuachwa kwake hakumnyimi msomaji kitu. Na ruhusa yenyewe imeandikwa, inafundishwa darasani, kila msomaji anaijua kabla hajaufungua mchoro. Anayeacha kwa siri hawezi kujificha nyuma yake.

Nimekaa sana kwenye chuma kwa makusudi, kwa kuwa chuma kinatusaidia kuona wazi jambo ambalo kwa wanadamu limejaa vumbi. Njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo kupitia Uvinza hadi Ujiji, ilikuwa mstari uliopasua nchi. Walioupita, wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani, walijua kilichogusana na mstari huo: visima, hongo, njaa, maji makubwa mwishoni. Kulikuwa na mistari mingine, kutoka Kilwa kuelekea kusini magharibi, na kutoka Tanga na Pangani kuelekea kaskazini magharibi. Katika miaka ya 1850 mmisionari Jakob Erhardt, aliyekaa Tanga na kuwahoji wasafiri, alikuta jambo la ajabu: kila njia, kwa ushuhuda wa watu wake, ilikoma kwenye maji. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaunganisha ncha hizo. Ramani iliyochapwa Ulaya mwaka 1855 na 1856 ikaonyesha ziwa moja kubwa mno, limejikunja kama konokono asiye na gamba, likapewa jina la Bahari ya Uniamesi, yaani Unyamwezi. Jina hilo la bahari waliandikiwa watu wa nyanda kavu za miombo, ambao walikuwa siku nyingi za kutembea kutoka ziwa lolote kati ya matatu yaliyokuwapo kweli: Nyasa, Tanganyika na Nyanza.

Kesi hii inanifundisha zaidi kuliko kitabu chochote cha mantiki, kwa sababu hakuna mwongo ndani yake. Msafiri wa Kilwa aliona maji. Wa Ujiji aliona maji. Wa kaskazini aliambiwa habari za maji. Mikato yote mitatu ilikuwa sahihi mahali ilipokatwa. Kosa lilizaliwa pale nafasi iliyokuwa kati ya mkato na mkato ilipojazwa mistari ya mshazari kana kwamba bapa lilipita na huko pia. Na aliyelisahihisha alikuwa mtu wa Tabora. Wasafiri Burton na Speke walipofika Kazeh, kiini cha Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, Snay bin Amir, mfanyabiashara mwenye asili ya Omani, aliwapokea na kuwaeleza kwamba maziwa ni matatu na kila moja liko peke yake. Hakuhitaji akili kupita za Erhardt. Alikuwa amekaa pale njia ya Ujiji, njia ya Karagwe na njia za kusini zinapokutana, kwa hiyo alikuwa na mionekano zaidi ya mmoja, na kwa kila mmoja alijua umechukuliwa kutoka wapi. Mchoraji mzuri hufanya hivyo hivyo. Umbo lenye utata halipewi mkato mmoja. Hupewa A–A, B–B, na C–C ikibidi, kila mmoja na mishale yake.

Mwaka uliofuata Speke mwenyewe alianguka kwenye shimo la aina hiyo, ingawa kwa bahati alitua kwenye ukweli. Aliondoka Kazeh mwezi Julai 1858 akaenda kaskazini, tarehe 3 Agosti akayaona maji ya Nyanza upande wa Mwanza, akatangaza kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Burton alimpinga, na kwa kaida ya mchoro Burton alikuwa na haki: mtu ameona ncha ya kusini, anachora ncha ya kaskazini. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1875, msafiri Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua, ndipo ikajulikana kwamba Speke alisema kweli. Wapo watakaosema basi Speke ameshinda, kwa nini tumlaumu? Simlaumu kwa kukisia. Kisio lina alama yake pia kwenye karatasi, na mchoraji anayekisia hulitenga na alilolipima. Mtu aliyepatia bila kuonyesha alikokata amewaachia wenzake kazi ya kwenda kukata upya, na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na saba.

Kaida nyingine inasaidia hapa. Bapa la mkato haliwi nyoofu kila mara; mchoraji anaweza kulipinda hatua kwa hatua ili lipite kwenye matundu yote muhimu. Katika mwonekano wa mkato mapindo hayo hayachorwi, umbo linatokea kama lililokatwa mara moja, lakini kwenye mstari wa A–A kila pindo lazima lionekane, tena kwa wino mnene. Stanley alipotoka Unyanyembe mwezi Septemba 1871 kwenda Ujiji, vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kawaida, akazunguka upande wa kusini kupitia Ugunda. Aliyesoma hadithi ya kukutana kwake na Livingstone akasahau pindo hilo ataiona nchi kama iliyonyooka kutoka pwani hadi ziwani, na Mirambo atabaki kelele za mbali. Pindo ndilo linaloonyesha kwamba palikuwa na mtawala mwenye nguvu ya kuwapinda wengine.

Linabaki pingamizi la dini, na ndilo ninaloliogopa kwa haki. Mwanadamu si maungio ya reli. Yaliyomo vifuani anayajua Mwenyezi Mungu, na kudai kumchora mtu au watu kwa ndani ni kujipa elimu isiyo yetu. Uislamu umelilinda hata umbo la maiti, ukaufananisha mfupa wake uliovunjwa na mfupa wa aliye hai. Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Naongeza tu kwamba linaukemea mkato wa kweli kuliko mkato wa mchoro. Mwezi Januari 1893 Wajerumani waliiona ndani ya ngome ya mtemi Isike kwa kuivunja, na Isike akajilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kushikwa; huko ndiko kuona ndani kunakoua kinachoonwa. Mchoro wa mkato ulibuniwa ili kitu kionekane ndani kikiwa bado kizima. Adabu yake ni hiyo, na kwa habari ya watu adabu hiyo inadai zaidi: kukiri kwamba sehemu kubwa haijapitiwa na bapa lolote, wala haitapitiwa.

Hata jina linaweza kubeba mstari wake au kuupoteza. Watu wa nchi hii walijitaja kwa nchi zao, Unyanyembe, Uyui, Ugunda. Neno Wanyamwezi, kwa maelezo yanayotajwa zaidi, lilitoka kwa watu wa pwani, kwa kuwa walikuja kutoka upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Anayelijua hilo analiona jina kama mshale: mtazamaji yuko mashariki, uso wake umeelekea magharibi. Asiyelijua anadhani limetoka ndani ya watu wenyewe. Na huko Kwihara, nje kidogo ya mji, kuna Tembe la Livingstone, lililopata jina kwa miezi ambayo msafiri huyo alikaa humo, Februari hadi Agosti 1872, akiwangoja wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Jina hilo ni mkato mmoja, na ni wa kweli. Haliwataji waliolijenga, waliolala uani, wala walioteka maji. Tembe lenyewe linasubiri mikato mingine. Bapa likipitishwa pale ambapo mlango wa nakshi wa mtindo wa pwani unaingia katika ukuta mnene wa udongo wa Kwihara, mchoraji atapiga mistari ya mbao ikilala upande mmoja, na ya udongo upande mwingine.